Matairi Yasiyo na Tarehe

"Matairi haya yametengenezwa lini?"

Mjomba aliniuliza hivyo Jumatano asubuhi, amesimama barazani kwetu Mkunazini, mkononi ana karatasi aliyoikunja mara nne kama hirizi. Sikuwa na jibu. Hilo peke yake lilitosha kuniudhi, kwa sababu wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu, na pale lilipokosekana jibu nilikuwa na swali la kulibomolea jibu la mwenzangu.

Karatasi ilitoka hoteli moja ya Bwejuu. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa akiwachukua wageni wa hoteli hiyo kutoka uwanja wa ndege na kutoka mjini kwa kigari chake cheupe cha watu saba. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimweka. Nyingine zote zilikuwa za kubahatisha: leo harusi, kesho mgonjwa, keshokutwa hakuna. Sasa hoteli ilikuwa imepata meneja mpya, na meneja alikuja na masharti yake. Kila gari ya kukodiwa ikaguliwe Jumamosi ile. Mikanda, breki, taa. Na matairi: yasizidi miaka mitano tangu kutengenezwa, na tarehe isomeke kwenye tairi lenyewe. Gari isiyotimiza ingefutwa kwenye orodha.

"Mimi nimeyanunua mwezi uliopita," alisema Mjomba. "Mapya. Yana nywele."

Hapa kwetu tairi jipya linajulikana kwa nywele, vile vinyuzi vya mpira vinavyochomoza juu ya tairi lililotoka kiwandani. Mnunuzi anapitisha kiganja. Vikimchoma, tairi jipya. Pakiwa laini, limeshatembea kwa watu. Hakuna anayeuliza zaidi ya hapo.

"Nywele zinaonesha halijatembea," nilimwambia. "Hazioneshi limekaa ghalani miaka mingapi."

"Ndo maana nimekuja kwako. Si wewe msomi?"

Alisema bila kejeli, na hilo lilikuwa zito zaidi. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi tangu nirudi kutoka chuo kikuu, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri orodha za vyakula vya mikahawa ya Shangani, pweza wa nazi kwa lugha tatu. Mama alikuwa akisema sikai kitako. Kweli sikukaa. Nilikuwa nikinywa chai nimesimama dirishani, natoka kwenda sokoni kununua kitu kimoja, narudi, natoka tena kununua cha pili. Nikisikia hotuba kwenye redio nilikuwa nikiijibu kwa sauti. Fundi akija kutengeneza mfereji nilimuuliza kwa nini pale na si pale, mpaka mmoja alimwambia mama kwamba mwanawe angefaa kuwa polisi.

Kwa hiyo tairi lisilojibu lilinipata vizuri.

Nilitafuta kwenye simu na ndani ya nusu saa nilikuwa mjuzi. Tarehe ya tairi ni tarakimu nne, zimefungiwa ndani ya kiduara kilichorefuka kama yai. Mbili za mwanzo ni wiki ya mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Zinakuja mwisho wa msururu wa herufi unaotaja kiwanda. Nilimsomea Mjomba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi twende tukatazame. Limeshakuwa dogo hili."

Gari haiingii kwenye vichochoro vyetu. Inalala Malindi, ubavuni mwa ukuta wa ghala. Tulikwenda na kitambaa na chupa ya maji. Nilikunja buibui nikachutama mbele ya gurudumu la kwanza. Matairi yaling'aa. Fundi aliyemfungia Mjomba huyapaka dawa ya viatu nyeusi akishayafunga, kwa sababu gari ya wageni hapa haitoki ikiwa chafu miguuni. Nilifuta. Nikaona jina kubwa la kiwanda, saizi, uzito linaobeba, kasi. Nikaona ule msururu wa herufi. Niliufuata kwa kidole mpaka mwisho wake, na baada ya herufi ya mwisho palikuwa patupu. Laini. Hakuna yai, hakuna tarakimu.

Nikaenda la pili. Patupu. La tatu, la nne, mahali palepale, patupu.

"Labda upande wa ndani?" alisema Mjomba.

Ni swali la maana, na mimi sikulidharau. Nililijibu kama nilivyofundishwa, kwa ushahidi. Nilimwambia atoe tairi la akiba kule nyuma. Tukalilaza chini, nikasoma upande mmoja: jina, saizi, uzito, kasi. Tukaligeuza. Jina, saizi, uzito, kasi, yaleyale. Tarehe ya hilo kuukuu sikuhangaika kuitafuta.

"Umeona? Maandishi yako pande zote mbili," nilisema. "Kama huku nje hayapo, hata ndani hayapo. Yangekuwapo yangeonekana."

Hiyo ndiyo hoja niliyoijenga, nimesimama pale juani nikifuta mikono, na iliniridhisha kabisa. Kutoka hapo hatua iliyobaki ilikuwa moja. Kitu ambacho lazima kiwepo, na hakipo, na mahali pake ni laini, basi kimeondolewa.

"Yamekwanguliwa," nilisema.

Mjomba aliangalia tairi, akaniangalia mimi. "Na nani?"

"Aliyekuuzia."

"Aa, mwanangu. Mzee yule?"

Mzee yule alikuwa na duka lake nyuma ya soko la Darajani tangu kabla sijazaliwa. Babu alinunua kwake mipira ya baiskeli. Ni mtu wa asili ya Kiarabu, mwembamba, kofia yake ya kiua haikosi, na mbele ya duka huwa na benchi la wanywaji kahawa ambao sijawahi kumwona hata mmoja akinunua kitu. Alhamisi asubuhi nilikwenda peke yangu. Mjomba alikuwa na mgonjwa wa kumpeleka hospitali, na mimi nilifurahi kwamba hayupo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kwa ile mipira ya Mjomba."

"Imepasuka?"

"Haikupasuka."

"Alhamdulillahi. Basi kaa kitako unywe kahawa."

Sikukaa. "Nnataka kujua imetengenezwa lini."

Alifikiri nafanya mzaha. "Mie nnauza mpira, mwanangu. Cheti cha kuzaliwa kakitafute kwa sheha."

Benchi zima lilicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, nikajizuia, na kule kujizuia kukanipandisha hasira. Nikamuuliza iko wapi karatasi iliyokuwa imebandikwa juu ya matairi. Akasema huzibandua wakati wa kufunga, kwani gari itatembea na karatasi? Akanionesha moja ambayo bado ilikuwa juu ya tairi ghalani: vistari vya rangi, herufi, picha ya wingu linalonyesha.

"Hii ya mvua maana yake nini?"

"Maana yake masika unaendesha, huna wasiwasi."

"Siyo. Inapima tairi linavyoshika njia iliyorowa. Na herufi hii ni ya chini."

"Ya chini kwao," alisema mmoja kutoka kwenye benchi. "Kwao mvua inakaa wiki. Ya kwetu inanyesha, ukimaliza kikombe jua lishatoka."

"Na tarehe haimo humu," niliendelea. "Tarehe inakuwa kwenye mpira wenyewe. Wewe, babu, unajuaje kama mpira ni mpya?"

"Nnauangalia nywele. Nnaubonyeza kwa ukucha. Nnaunusa. Mpira wa zamani hauna harufu, umekufa. Ile ya mjomba wako ilikuwa inanuka duka zima, mke wangu alikataa kuja."

"Kunusa si tarehe."

"Mie ndo elimu yangu hiyo."

Fundi wa duka alikuwa pembeni, mtu mzima mwenye mikono myeusi hadi viwikoni, anapiga gurudumu na nyundo. Nilimgeukia. "Wewe ndiye uliyefunga. Uliona tarehe?"

"Mie kazi yangu kufunga, dada. Nnatoa nje upande wenye sura, wenye jina kubwa, nnapaka dawa, kwisha. Tarehe niiangalie ya nini?"

Hapo ndipo niliposema. Nilisema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu nilidhani ukweli unataka sauti. Nilisema tarehe za matairi manne haziwezi kupotea zote kwa bahati mbaya, nilisema zimekwanguliwa ili mali ya zamani iuzwe kwa jina la mpya, na nilisema kuna ofisi ya serikali inayoshughulika na mambo hayo na mimi najua kuandika barua.

Mmoja kwenye benchi aliweka kikombe chini, akasema, "Bi msomi, heshima."

Mzee aliinua kiganja kumnyamazisha. Hakupandisha sauti. Alikuwa amebadilika rangi tu, kuanzia masikioni. "Mie nikwangue mpira? Na macho haya, kwa miwani ya nani?" Kisha akasema, "Mwambie mjomba wako alete gari. Leo, kesho, anapopata nafasi. Fundi aifungue yote minne, tuitazame mbele yako. Ikiwa mibovu nitampa mingine."

Nilitoka bila kunywa kahawa. Njiani nilitembea haraka kiasi cha kumkanyaga mtu vidole kwenye mlango wa soko la samaki, na sikuomba radhi vizuri. Kichwani nilikuwa tayari nimeshalichambua pendekezo lile. Kwa nini anataka gari iletwe kwake? Kwa nini fundi wake? Akishayafungua, si atayabadilisha, na ushahidi umekwenda? Nilimwona mjanja sana, na mimi nikajiona mjanja kumzidi.

Mjomba alitaka kwenda. Alisema jioni ile ile, anakula chapati kwa mama, "Niende tu. Mzee kasema atazame, atazame."

"Ukienda umekwisha. Atakubadilishia mabovu zaidi yenye tarehe ya uongo."

"Sasa Jumamosi nitasema nini?"

"Utasema kweli. Mimi nitakwenda nawe. Nitamweleza mkaguzi kwamba umeuziwa matairi yaliyokwanguliwa, wewe hukujua. Mtu muungwana atakupa wiki moja ubadilishe, na ataandika kwenye fomu yake kwamba yamekwanguliwa. Karatasi hiyo tutampelekea mzee."

Mama alisema, "Hukai kitako wewe mpaka umtoe mtu kazini." Nilifikiri anamsema mzee.

Mjomba alikuwa amebakiwa na kipande cha chapati, akakirudisha kwenye sahani. "Wewe ndo umesoma," alisema.

Ijumaa ilipita vibaya. Nilikaa dakika kumi kwenye tafsiri ya mkahawa, nikainuka, nikaenda mpaka Forodhani, nikarudi, nikaandika barua ya malalamiko, nikaichana, nikaandika nyingine yenye maneno makali zaidi. Mara mbili nilifika kona ya Darajani na mara mbili nikageuka. Kitu kilikuwa kikinikuna na mimi nilikiita hamu ya haki. Wala sikurudi Malindi kuangalia tena. Gari ilikuwa palepale, mwendo wa dakika nane.

Jumamosi tuliondoka asubuhi. Mjomba alivaa shati alilovaa kwenye harusi ya dada yangu. Njia nzima, kutoka Jozani mpaka Paje, alizungumza juu ya wageni wa hoteli: Mjerumani aliyemfundisha kuhesabu mpaka ishirini, bibi mmoja aliyelala mdomo wazi kutoka uwanja wa ndege mpaka Bwejuu na kuamka akiuliza kama wameshavuka bahari. Alikuwa akiwapenda, nadhani. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwangu ilikuwa kazi ya kubeba mabegi.

Uwani mwa hoteli zilikuwapo gari nyingine nne. Mkaguzi alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, fulana yenye nembo ya hoteli, ubao wenye fomu mkononi. Alimwita Mjomba "mzee wangu". Alikagua mikanda, akawasha taa, akakanyaga breki. Yote sawa. Kisha akachuchumaa mbele ya gurudumu, akafuta kwa kidole, akatazama. Akaenda la pili. Akasimama, akatoa mkeka wa zamani kutoka nyuma ya kibanda cha mlinzi, akautandika juu ya kokoto ubavuni mwa gari, akaanza kupiga magoti ili achungulie uvunguni.

Nilijua anachotafuta. Nilimwonea huruma, kijana wa watu na fulana yake nyeupe.

"Usijisumbue, kaka," nilisema. "Tarehe hakuna. Zimekwanguliwa. Nimeshaangalia."

Alibaki amepiga magoti. "Zote nne?"

"Zote nne."

"Una hakika, dada?"

"Mimi sisemi nisichokiona."

Akamtazama Mjomba, na Mjomba, mwenye gari, mwenye kazi, alisema kwa fahari kidogo, "Huyu katoka chuo kikuu."

Nikaanza kueleza. Mzee wa Darajani, fundi, barua, wiki moja. Mkaguzi alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Nyuma yetu dereva mwengine alikuwa akipiga honi kidogo kidogo. Kijana alisimama, akajifuta magoti.

"Sasa mnaniweka pabaya," alisema. "Ningekuta mwenyewe, ningeangalia cha kufanya. Lakini mmekuja wenyewe kuniambia kwa mdomo wenu kwamba matairi yamekwanguliwa. Nimpakie mgeni humo?"

"Mpe wiki moja."

"Fomu haina pahala pa wiki moja, dada. Ina ndiyo na hapana."

Aliandika hapana. Nilimwona akiiandika, polepole, kwa herufi nzuri. Kisha akampa Mjomba mkono na kumshukuru kwa ukweli wake. Dereva aliyekuwa akipiga honi alisogeza gari yake mahali petu hata hatujatoka vizuri.

Kurudi, Mjomba hakuzungumza juu ya Wajerumani. Karibu na Jozani alipunguza mwendo kuwapisha kima punju waliokuwa wakivuka njia, akawasubiri wote, hata yule wa mwisho aliyekuwa amekaa katikati akijikuna. Ndipo aliposema, "Umesema kweli, mwanangu. Si vibaya." Nilitaka anigombeze. Ningejua la kujibu.

Jina lake halikurudi kwenye orodha. Alisukuma miezi michache kwa harusi na wagonjwa, kisha akaiuza gari, na matairi yake, kwa mtu wa Uroa, akaenda kuendesha lori la mchanga la tajiri mmoja, kazi ya alfajiri na vumbi iliyomletea kikohozi. Sikuwahi kumsikia akinilaumu. Kwa mzee wa Darajani hakupita tena, kwa haya, si kwa hasira. Aliniambia anaona vigumu kumwangalia. Mimi nilipita mara nyingi, upande wa pili wa njia. Barua sikuipeleka.

Miaka ikapita, na kazi nikapata, ya kukaa kitako hasa: kutafsiri kanuni. Vipodozi, maziwa ya kopo, nyaya za umeme. Siku moja mezani kwangu ziliwekwa kanuni za alama na maandishi ya usalama kwenye matairi ya gari yanayoingizwa kutoka nje, kurasa nyingi, nizitie kwenye Kiswahili kinachoeleweka na muuzaji wa kawaida. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote, nikibishana na kila kifungu. Jina la mtengenezaji, pande zote mbili. Saizi, pande zote mbili. Uzito na kasi, pande zote mbili. Niliyaandika bila kuinua kichwa. Kifungu kilichofuata nilikisoma kwa Kiingereza mara tatu kabla sijaweza kukiandika, na mpaka leo ndivyo kinavyosomeka kwa maneno yangu: tarehe ya kutengenezwa inatakiwa iandikwe upande mmoja tu wa tairi.